Tulivyochagua Darubini ya Bunduki ya Kulindia Mashamba

Sisi wakulima wa Magoma tunaishi bondeni. Upande mmoja ipo milima ya Usambara ya Magharibi. Upande wa pili ipo milima ya Usambara ya Mashariki. Katikati unapita mto Luengera, ambao unateremka mpaka kuingia mto Pangani karibu na Korogwe. Watu wengi wakisikia jina la Usambara hufikiri Lushoto tu, kule penye baridi, viazi na kabichi. Lakini sisi wa bondeni nasi ni watu wa Usambara. Ardhi yetu ni nzuri. Tunalima mahindi, maharage na mpunga. Wengine wana michungwa.

Lakini penye mazao hapakosi walaji. Nyani huja mchana, tena huja kwa kundi. Nguruwe mwitu huja jua linapozama, na wengine huja usiku. Kundi moja la nguruwe likiingia katika shamba la mahindi, asubuhi unakuta mimea imelala chini kama imepitiwa na trekta. Mtu amelima, amepanda, amepalilia mara mbili. Mwisho anabaki na mabua.

Wakulima wote wanajua kazi ya kuamia. Tunajenga dungu, tunakaa juu yake, tunapiga debe, tunapiga kelele. Tunafyeka vichaka vilivyo karibu na shamba ili wanyama wasipate maficho. Tunapanda kwa wakati mmoja ili shamba la mtu mmoja lisiwe chakula cha wanyama wote. Njia hizi ni nzuri na ndizo za kwanza. Lakini nguruwe ni mnyama mwerevu. Akizoea kelele ya debe haogopi tena.

Leo nataka kueleza jinsi kikundi chetu cha wakulima kilivyochagua darubini ya bunduki. Huenda utasema, "Mimi sina bunduki, habari hii hainihusu." Soma mpaka mwisho. Inamhusu kila mtu apitaye karibu na shamba jioni.

BUNDUKI NZIMA, MACHO YAMECHOKA

Katika kikundi chetu mtu mwenye bunduki ni mmoja tu, naye ni mjomba wangu. Bunduki yake ni raifo, yaani bunduki inayotoa risasi moja moja na kuipeleka mbali. Ana leseni, kama inavyotakiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Bunduki hiyo haiazimwi. Hata mimi mpwa wake siishiki.

Kabla ya kuanza kazi ya kulinda mashamba tulikwenda kwa Bwana Nyama, kama tulivyozoea kumwita Afisa Wanyamapori. Maana Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuwinda bila kibali. Bwana Nyama alitupa masharti. Kazi ifanywe kando ya mashamba tu. Ifanywe kabla giza halijaingia. Kila mnyama akiuawa, habari zipelekwe ofisini.

Tulipokutana kupanga kazi, mjomba alisimama akasema, "Wanangu, bunduki ni nzima. Macho ndiyo yamechoka."

Alitueleza hivi. Bunduki ya kawaida ina vilengeo viwili vya chuma. Kimoja kiko nyuma, karibu na jicho. Kimoja kiko mbele, kwenye ncha ya mtutu. Mwenye kulenga lazima aone vitu vitatu: kilengeo cha nyuma, kilengeo cha mbele na mnyama. Vitu hivyo vitatu viko mbali mbali. Jicho la kijana hubadilika upesi, likaona cha karibu na cha mbali. Lakini mtu akipita miaka arobaini hivi, jicho huanza kuwa gumu. Cha mbali hukiona, cha karibu hukiona kama kimefunikwa na moshi.

Tulimpeleka mjomba kwanza hospitali ya wilaya. Jambo hili ni la maana sana. Kama mtu ana mtoto wa jicho, darubini haitamponya. Daktari alimpima, akasema hana ugonjwa, ni umri tu. Akapewa miwani ya kusomea. Alipovaa miwani aliona kilengeo cha mbele, lakini hakumwona mnyama vizuri. Alipoivua alimwona mnyama, lakini kilengeo kikapotea.

Hapo ndipo darubini inaposaidia. Ndani ya darubini kuna alama ya msalaba. Jicho linaona msalaba na mnyama kana kwamba viko mahali pamoja. Mzee halazimiki tena kuangalia vitu vitatu. Anaangalia kimoja.

DARUBINI NI NINI?

Darubini ni bomba lenye vioo maalumu ndani yake. Vioo hivyo huitwa lenzi. Lenzi ya mbele hukusanya mwanga. Lenzi ya nyuma, iliyo karibu na jicho, humwonyesha mtu kitu cha mbali kama kiko karibu.

Kazi hii si ngeni duniani. Mwaka 1608 fundi mmoja wa miwani huko Uholanzi, jina lake Hans Lippershey, aliomba serikali yake hati ya ugunduzi wa darubini. Mwaka uliofuata, 1609, Galileo wa Italia alielekeza darubini yake mbinguni akautazama mwezi. Kuifunga darubini juu ya bunduki kulikuja baadaye sana. Katika miaka ya 1840 mafundi wa Marekani walikuwa tayari wakitengeneza bunduki za namna hiyo.

Siku hizi darubini za bunduki ni nyingi mno. Ziko nzuri na ziko mbovu, na kwa macho ya kawaida zote ni nyeusi na zote zinang'aa. Ndiyo sababu uchaguzi unahitaji elimu.

NAMBA MBILI ZA KUSOMA

Kijana wetu mmoja anayeishi Tanga alituletea darubini mbili ili tuchague. Tulikubaliana kwamba ile tutakayoikataa itarudi dukani. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nene, yenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Juu yake iliandikwa 12x40. Ya pili ilikuwa fupi na nyembamba, haina mapambo. Juu yake iliandikwa 4x32. Cha ajabu, ile fupi ndiyo iliyokuwa na bei kubwa zaidi.

Vijana wote waliishangilia ile ndefu. Walisema, "Kumi na mbili ni kubwa kuliko nne. Tuchukue hii, tena ni rahisi!"

Mama mmoja wa kikundi chetu, ambaye alijifunza kusoma ukubwani, alikuwa amekaa kimya akisoma karatasi iliyotoka ndani ya sanduku. Akauliza, "Namba ya pili ni ya nini?" Hakuna aliyejibu. Tukamwita mwalimu wa shule, akatuchorea ubaoni.

Namba ya kwanza inaonyesha darubini inavuta kitu mara ngapi. Nne maana yake nguruwe aliye hatua 100 anaonekana kama yuko hatua 25. Namba ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Thelathini na mbili maana yake milimita 32, yaani zaidi kidogo ya sentimita tatu.

Kisha mwalimu akatuambia tugawanye namba ya pili kwa namba ya kwanza. Thelathini na mbili gawanya kwa nne ni nane. Arobaini gawanya kwa kumi na mbili ni tatu na kidogo. Jibu hilo ni upana wa mwanga unaotoka nyuma ya darubini na kuingia jichoni, kwa milimita.

Sasa fikiri juu ya jicho. Katikati ya jicho kuna mboni nyeusi. Mboni ni tundu la kuingizia mwanga. Mchana wa jua kali hufinyika ikawa ndogo. Gizani hufunguka. Kwa kijana hufunguka hata kufika milimita 7 hivi. Kwa mzee hufika kama milimita 5 tu. Mchana darubini zote mbili zatosha. Lakini jioni mboni ya mjomba inataka mwanga wa upana wa milimita 5. Ile ndefu inampa tatu na kidogo tu. Kwa hiyo inamwonyesha mnyama mkubwa, lakini mweusi. Ile fupi inampa nane, inamtosha na kubaki.

Liko jambo jingine. Kadiri darubini inavyovuta zaidi, ndivyo unavyoona eneo dogo zaidi. Kwa darubini ya nne, ukitazama umbali wa mita 100, unaona eneo la upana wa kama mita 10. Kwa darubini ya kumi na mbili unaona kama mita 3 tu. Ni kama kuchungulia nje kwa tundu la ufunguo badala ya dirisha. Unamwona nguruwe, lakini humwoni mtoto aliyesimama kando yake.

Mashamba yetu hayana umbali mkubwa. Kutoka dungu moja mpaka mwisho wa shamba ni hatua 80 au 100. Kumi na mbili ni ya nini?

TULIVYOZIJARIBU

Hatukutosheka na hesabu. Tulizijaribu kwa mikono, bila kuzifunga kwenye bunduki. Tuliziweka juu ya gunia la mchanga ili zisitikisike.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mwanga. Tulimpa kijana mmoja vitu viwili, gunia na koti kuukuu, akavitundike gizani chini ya mwembe, bila kutuambia kipi kiko wapi. Jua lilipozama tulianza kutazama, mmoja mmoja. Kwa ile ndefu kila mtu alisema anaona "kitu cheusi". Kwa ile fupi tuliona mikono ya koti ikining'inia. Hata mzee mmoja asiyeona vizuri alisema, "Hilo la kulia lina mikono." Hapo kelele za vijana zikapungua.

Jaribio la pili lilikuwa la kioo. Tuligeuza kila darubini mbele ya mlango tukatazama mwanga unaorudi kutoka kwenye lenzi ya mbele. Kwenye ile ndefu tuliona mng'ao mweupe kama wa kioo cha dirisha. Kwenye ile fupi tuliona mng'ao hafifu wa rangi ya zambarau na kijani. Rangi hiyo si pambo. Ni utando mwembamba uliopakwa ili mwanga usirudi nyuma. Kioo kitupu kikipigwa na mwanga, katika kila sehemu mia hurudisha sehemu nne. Na ndani ya darubini kuna lenzi kadhaa, na kila lenzi ina nyuso mbili. Nyuso zikiwa kumi, theluthi nzima ya mwanga hupotea njiani. Utando huo uligunduliwa mwaka 1935 katika kiwanda cha Zeiss cha Ujerumani. Lenzi iliyopakwa vizuri hurudisha chini ya sehemu moja katika mia. Basi usinunue kioo kitupu kwa ajili ya kazi ya jioni.

Jaribio la tatu lilikuwa la ukungu. Ninyi mnaokaa milimani mnajua ukungu wa asubuhi. Darubini nzuri hufungwa kabisa, ikajazwa hewa kavu ili unyevu usiingie. Tuliziacha nje usiku kucha kwenye umande. Asubuhi tukaziingiza jikoni penye joto. Zote mbili ziliota ukungu kwa nje, na huo hufutika. Lakini ile ndefu iliota ukungu kwa ndani. Ukungu wa ndani haufutiki kwa kitambaa. Siku ya mvua ungekuwa umebeba bomba la chuma tu.

Jaribio la nne lilikuwa la kichwa. Tuliielekeza kila darubini kwenye nguzo ya mbali, imelala imara juu ya gunia. Kisha mtu alisogeza kichwa kidogo kushoto na kulia bila kuigusa. Kwa ile fupi msalaba ulibaki juu ya nguzo. Kwa ile ndefu msalaba ulitembea, ukatoka nje ya nguzo. Maana yake ni kwamba mtu akiweka jicho vibaya kidogo, risasi itakwenda kwingine.

Jaribio la tano lilikuwa la nyusi. Bunduki ikifyatuliwa hupiga teke kurudi nyuma. Kama inakulazimu kubandika jicho kwenye darubini ndipo uone, itakupasua juu ya jicho. Tulipima kwa rula ya shule. Ile fupi ilionyesha picha yote jicho likiwa sentimita 9 nyuma yake. Ile ndefu ilitaka sentimita 5. Mjomba alicheka akasema, "Hii inataka damu yangu."

Baada ya majaribio hayo hatukupiga kura. Ile ndefu ilirudi Tanga kwa basi la kesho yake.

KUIFUNGA NA KUIPATANISHA

Darubini nzuri ikifungwa vibaya ni mbovu. Hushikwa na pete mbili za chuma juu ya bunduki. Pete zikilegea hata kidogo, risasi hukosa njia. Kwa hiyo usifunge kwa waya wala kwa mpira wa baiskeli. Mpelekee fundi wa bunduki mwenye leseni. Na kabla ya kununua lolote la bunduki, uliza polisi waliokupa leseni.

Baada ya kufungwa, darubini lazima ipatanishwe na bunduki. Mjomba alifanya hivyo mahali alipoelekezwa, penye kilima nyuma ya shabaha. Aliweka karatasi umbali wa mita 100, akapiga risasi tatu, akilenga mahali pamoja. Risasi zote tatu zilikaa karibu karibu, lakini chini ya alama kwa sentimita 14.

Darubini ina vifundo viwili. Kimoja ni cha juu na chini, kingine ni cha kushoto na kulia. Ukikizungusha kinalia tik. Kwa darubini yetu kila tik husogeza risasi milimita 7 kwa umbali wa mita 100. Sentimita 14 ni milimita 140. Gawanya kwa 7, unapata 20. Mjomba alihesabu tik 20, akapiga tena. Risasi zikaingia ndani ya alama. Ndugu msomaji, waona kazi ya kujua kuhesabu? Asiyejua angemaliza risasi zote kwa kubahatisha.

JIONI YA KANIKI

Sasa naja kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Pamoja na darubini ya bunduki, kikundi chetu kilinunua darubini ya mkononi, ile ya kutazamia kwa macho mawili. Wengine walinung'unika. Walisema ni kupoteza fedha, maana darubini ya bunduki nayo inaonyesha. Mjomba alikataa kabisa. Alisema, "Darubini iliyo juu ya bunduki huwezi kuitazamia kitu bila kukielekezea mtutu. Je, nikitaka kujua kama ni mtu au mnyama, nimwelekezee mtu mtutu kwanza?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukanunua.

Wiki ya tatu tulikuwa watatu juu ya dungu: mjomba, mimi na kijana wa jirani. Jua lilikuwa limekwisha kuzama nyuma ya mlima, lakini mwanga ulikuwapo bado. Tukasikia mabua yanavunjika. Kisha tukaona kitu cheusi, kifupi, kinasogea katikati ya mahindi. Kinasimama, kinainama, kinasogea tena. Nguruwe hula hivyo hivyo.

Kijana alinong'ona, "Mjomba, piga! Anaondoka!"

Mjomba hakugusa bunduki. Alinyoosha mkono akasema, "Nipe ile ya mkononi." Akatazama. Akatazama muda mrefu. Mimi nilisikia moyo wangu unavyodunda. Kisha akashusha darubini taratibu, akaita kwa sauti kubwa, "Nani huko?"

Sauti ya mama mzee ikajibu kutoka kwenye mahindi, "Ni mimi baba, nachuma mnavu. Shamba si la mwanangu?"

Alikuwa bibi mmoja jirani yetu. Alikuwa amejifunga kaniki, ameinama anachuma mboga ya usiku ule. Mabua yaliyovunjika ni yale makavu aliyoyakanyaga.

Tulishuka tukamwamkia. Shikamoo, shikamoo. Tukambebea kapu lake mpaka nyumbani kwake. Njiani hakuna aliyezungumza. Yule kijana aliyesema "piga" alitembea nyuma yetu, ameinamisha kichwa.

TULIVYOJIWEKEA UTARATIBU

Kesho yake kikundi kilikutana, na viongozi wa kitongoji walikuwapo. Tulikubaliana mambo haya.

Kwanza, jioni ya ulinzi inatangazwa mchana, nyumba kwa nyumba, ili kila mtu ajue shamba gani linalindwa.

Pili, anayetaka kuingia shambani baada ya saa kumi na moja jioni apite kwanza kwenye dungu aseme, na awe na taa.

Tatu, juu ya dungu wawe watu wawili au zaidi. Mmoja anatazama kwa darubini ya mkononi na kutaja anachoona. Mwenye bunduki hafyatui mpaka wote wawili wataje mnyama yule yule.

Nne, hakuna kupiga risasi kuelekea kijijini, njiani wala mtoni. Risasi ya raifo yaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Lazima nyuma ya mnyama pawe na udongo wa kuizuia. Tulihamisha dungu likae juu kidogo ya shamba, ili mtutu uelekee chini.

Tano, mwanga ukipungua hata darubini ya mkononi isionyeshe masikio na miguu ya mnyama, kazi imekwisha. Bunduki inafunguliwa, risasi zinatolewa, tunarudi kwenye debe.

Nguruwe hawakwisha. Wako. Lakini msimu ule tulivuna, na hakuna aliyelia matanga.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Ndugu msomaji, kama wewe au kikundi chako mna bunduki ya halali na mnataka darubini, kumbukeni haya:

1. Pimeni macho hospitali kwanza.

2. Someni namba zote mbili. Gawanyeni ya pili kwa ya kwanza. Kwa kazi ya jioni jibu lisiwe chini ya 5.

3. Kwa mashamba ya karibu, darubini ya kuvuta mara nne inatosha.

4. Jaribuni jioni, si mchana dukani. Mchana kila darubini ni nzuri.

5. Tazameni rangi ya mng'ao kwenye lenzi. Tafuteni ukungu wa ndani. Sogezeni kichwa muone kama msalaba unatembea. Pimeni sentimita kutoka jicho mpaka kioo.

6. Wekeni fedha ya pete imara na ya fundi. Msimalize zote kwenye darubini.

7. Msifute lenzi kwa upindo wa shati. Mchanga hukwaruza kioo. Pulizeni vumbi kwanza, kisha futeni kwa kitambaa laini na safi.

8. Msitazame jua kwa darubini hata mara moja. Hupofusha.

9. Nunueni na darubini ya mkononi. Kama fedha zinatosha moja tu, anzeni na hiyo ya mkononi.

Huenda mtu atashangaa kwa agizo hilo la mwisho. Mbona habari ni ya darubini ya bunduki? Sababu ni hii. Darubini ya bunduki humsaidia mtu apige pale anapotaka kupiga. Haimwambii kama inafaa kupiga. Kioo hakina akili, wala hakina huruma. Kujua ni kazi ya mtu mwenyewe, na kujua huja kabla ya kulenga.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Gunia la mahindi likiliwa leo, mwakani twaweza kulima lingine. Risasi ikishatoka hairudi. Basi tuangalie kwanza, tujue kwanza, ndipo tufanye.